Kuyapima Yaletwayo na Simu

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, Aliyetupa masikio na macho na akili, na Atakayetuuliza tumevitumiaje. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, mabibi na mabwana, vijana na wanafunzi: naiusia nafsi yangu, na nawausia nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Kumcha Mungu hakumo katika sala na saumu peke yake. Kumo pia katika namna mtu anunuavyo, akopavyo, aaminivyo habari na aipelekavyo kwa mwenziwe.

Imam Muslim amepokea kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaliona lundo la nafaka. Kwa juu lilikuwa kavu, la kupendeza macho. Yeye hakutosheka na macho. Alitia mkono ndani ya lundo, na vidole vyake vikatoka na umajimaji. Alipomwuliza mwenye mali kulikoni, alijibiwa kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona basi hakuiweka juu ile iliyolowa, ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wenziwe.

Wanazuoni wamezoea kuisherehesha hadithi hii kwa upande wa muuzaji, nao wana haki, kwani onyo lililomo ni kali. Lakini leo nataka tutazame ule mkono. Mtume hakumtuhumu yule mtu kabla ya kujua. Hakuwaambia watu wasusie soko. Wala hakuisifu nafaka kwa sura yake. Alitia mkono, akajua.

Ndugu zangu, soko la leo limo mifukoni mwetu. Simu hii ya mkononi inatuletea fedha na madeni, nyakati za sala, maelezo ya dawa, habari za ndugu waliokuwa mbali, na habari za watu tusiowajua kabisa. Na sisi tumegawanyika mapande mawili. Wako wazee wetu wasemao kwamba kitu chote hiki ni fitina, kisha jioni wawaita wajukuu wawasomee ujumbe ulioingia. Na wako vijana waamini kwamba kila kilicho kipya na chenye rangi nzuri ni maendeleo. Kwa maoni yangu mapande yote mawili yamefanya kosa moja: hakuna aliyetia mkono katika lundo.

Nisidhaniwe nimekuja kulaumu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Nani asiyekumbuka hali ya kabla ya hapo? Mtoto aliyefanya kazi mjini alitia noti katika bahasha, akamkabidhi dereva au utingo wa basi, na mama yake akashinda kituoni kule kijijini akingoja, pengine bahasha ikafika imefunguliwa, pengine isifike kabisa. Leo mama yule hupata haki yake kabla maji ya chai hayajachemka. Hiyo ni neema, na mwenye kuikanusha neema hana shukrani.

Lakini juu ya njia hiyo hiyo nzuri wamepita wengine, na hapo ndipo pa kusimama.

Tuchukue mfano wa mama muuza vitumbua. Mtoto wake anaumwa, mtaji umekwisha, naye hataki kumsumbua shemeji yake mara ya tatu. Katika simu yake limetokea tangazo: pata mkopo kwa dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini, bila maswali. Ni maneno matamu kwa mtu aliyechoka kuulizwa maswali. Anabonyeza. Programu inamwambia amekubaliwa mkopo wa shilingi 50,000. Lakini zinazoingia katika simu yake ni shilingi 35,000, kwani 15,000 zimekwisha katwa kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku saba anatakiwa arudishe 50,000 kamili.

Tutie mkono hapa, tuhesabu. Alichopokea ni 35,000. Nyongeza anayotozwa ni 15,000. Hiyo ni karibu asilimia 43 ya alichopokea, kwa juma moja tu. Asipoweza kulipa siku ya saba, huambiwa akope tena ili alipe kwanza, na hapo huanza kuzunguka kama ng'ombe wa kinu cha kukamulia mafuta, aliyefungwa macho. Watu wa mitaani, ambao mara nyingi hutaja mambo kwa majina yake, mikopo ya namna hii wameiita kausha damu.

Hata ile mikopo ya simu iliyo ya upole, itolewayo na mabenki yenye leseni, yafaa ihesabiwe. Ukitozwa asilimia 7.5 kwa mwezi, wajiona umetozwa kidogo: kwa shilingi 100,000 ni 7,500 tu. Lakini ukiuendeleza mkopo huo mwezi baada ya mwezi, kwa miezi 12 utakuwa umelipa 90,000 na lile deni la 100,000 lingali palepale. Neno "ada" halibadilishi kitu. Ziada iliyoshurutishwa juu ya deni la fedha, ikaongezeka kwa kuongezeka muda, hiyo ndiyo riba ambayo Qur'ani imeikemea kwa ukali usio na mfano katika mambo ya mali. Haigeuki kuwa halali kwa kupewa jina jingine, wala kwa leseni ya serikali, wala kwa kuwa ni ndogo.

Wako watakaosema: Sheikh, basi leseni haina maana? Ina maana, tena kubwa. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila ya leseni, ikawaonya wananchi wajiepushe nayo. Kenya nao walitunga sheria mwishoni mwa mwaka 2021, na kanuni zake zikatoka mwezi wa Machi 2022, ili wakopeshaji wa namna hii wawe chini ya Benki Kuu yao. Leseni inakuonyesha kwamba yuko mtu anayejulikana, ana ofisi, aweza kushitakiwa. Asiye na leseni ni mtu aliyevaa baibui na sauti ya kiume. Hujui ni nani, na ukidhulumiwa hujui uende kwa nani. Basi mwenye kupima aulize maswali mawili yasiyochanganyika: je, huyu anajulikana kwa sheria? Na je, muamala wake unaruhusiwa na dini yangu? Jibu la moja halijibu la pili.

Tena kuna jambo la kuandikiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haikushuka kwa mambo ya mbinguni. Imeshuka kwa ajili ya deni. Imeamrisha deni liandikwe, muda wake ujulikane, mwandishi awe mwadilifu, na anayedaiwa ndiye asomeshe maneno yanayoandikwa, tena akiwa dhaifu asiyeweza, msimamizi wake amsomeshee. Zingatieni hilo: mwenye kudaiwa ndiye mwenye kauli wakati wa kuandika, ili asiandikiwe asichokijua. Sasa linganisheni na yale masharti ya programu, kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza cha wanasheria, yenye kitufe kimoja chini kisemacho "nakubali". Mama yule wa vitumbua amekubali nini? Hajui. Mwandishi ni yuleyule mkopeshaji, shahidi ni mashine, na mdaiwa hakusomewa. Kwa umbo ni maandishi, lakini ile haki iliyofanya maandishi yaamrishwe haimo.

Na humo katika kurasa hizo ndimo lilimofichwa jambo ambalo, kwa kadiri nionavyo, ni baya kuliko riba yenyewe kwa jinsi linavyovunja nyumba za watu. Kabla ya kutoa mkopo, programu nyingi za aina hii huomba ruhusa ya kuifungua orodha ya majina na namba zilizomo katika simu. Mtu akibonyeza "ruhusu", basi namba ya mkwewe, ya mwalimu wa madrasa, ya jirani, ya mwajiri, zote zimekwenda. Siku ya deni kuchelewa, ujumbe hutumwa kwa hao wote: fulani ni tapeli, fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Mkwe anasoma. Mwajiri anasoma. Ndoa zimetikisika kwa ajili ya deni lisilotimiza bei ya gunia la mchele.

Katika Sura ya An-Nur, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Nani mwenye nyumba katika jambo hili? Wewe una haki ya kumfungulia mgeni mlango wako. Je, una haki ya kumfungulia mlango wa jirani? Namba ya mwenzio aliyokupa ni amana. Alikupa wewe, kwa sababu ya udugu au kazi, hakumpa mkopeshaji usiyemjua. Ukibonyeza "ruhusu", umetoa ruhusa kwa niaba ya watu mia mbili ambao hawakukuwakilisha. Sheria ya nchi nayo imelitazama jambo hili: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kule Kenya zile kanuni za 2022 zimekataza wazi wakopeshaji kuwaaibisha wadaiwa na kuwapigia watu waliomo katika orodha zao. Aliyefanyiwa uovu huo asinyamaze kwa haya. Haya hapo si ya mdaiwa peke yake. Qur'ani imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na imehesabu kumsamehe kabisa kuwa ni bora zaidi.

Lakini nisiwaonee wakopeshaji peke yao. Mama yule alikwenda kwa mashine kwa sababu alichoka kwenda kwa watu. Hapa msikitini kwetu mna watu ambao shilingi 35,000 kwao ni gharama ya siku moja ya harusini. Karadha njema, yaani kumkopesha mwenzio bila ya nyongeza, ilikuwa desturi ya mitaa yetu. Muuza duka alikuwa na daftari, na mwenye haja alikuwa na uso wa kwenda nao dukani. Kina mama wangali wanacheza upatu wao kwa uaminifu, zamu kwa zamu, na upatu wa namna hiyo, ambamo kila mtu hutoa sawa na hupokea sawa, hauna ubaya. (Sisemi ule upatu wa pili, ulioazima jina hili zuri, ambamo aliyetangulia hulipwa kwa fedha za aliyefuata mpaka wa mwisho wakalia. Mwaka 2009 Watanzania wengi walipanda fedha zao kwa DECI wakingoja mavuno, na serikali ilipousimamisha mchezo huo wengi walikuwa hawajavuna kitu. Sasa upatu huo umehamia katika simu, lakini hesabu yake ni ileile.) Kama msikiti huu ungekuwa na mfuko wa karadha, mama yule angetuuliza sisi kwanza. Kamati imelisikia hili kabla ya leo, na leo imelisikia mbele ya watu wote.

Ndugu Waislamu, msidhani kwamba ruhusa hizi ni jambo la mikopo tu. Iko programu mashuhuri duniani ya nyakati za sala na kibla, iitwayo Muslim Pro, iliyopakuliwa na mamilioni ya Waislamu. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walieleza kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, ambayo biashara yake ni kuuza taarifa za mahali walipo watu, na miongoni mwa wanunuzi wake walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kwamba wao waliliuzia jeshi, wakatangaza kukata uhusiano wao na kampuni ile. Mwezi wa Januari 2024 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ikaipiga marufuku kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imekwisha badili jina, kuuza taarifa za mahali nyeti.

Tazameni: mtu alitaka kujua wakati wa alfajiri umeingia, na mahali aliposujudia pakawa bidhaa. Je, hii ina maana programu za sala ziharimishwe? La. Maana yake ni kwamba jina la Kiislamu juu ya kitu ni sawa na ile nafaka kavu iliyokuwa juu. Programu ya sala yahitaji kujua umo mji gani. Hiyo waweza kuiandikia kwa mkono wako, Tanga au Unguja, ikatosha. Haihitaji kukufuata hatua kwa hatua, wala haihitaji majina ya marafiki zako, wala kipaza sauti. Ikitaka zaidi ya haja yake, mnyime. Simu nyingi za siku hizi, ukiingia katika mipangilio, zaonyesha kila programu imepewa ruhusa gani, na ruhusa iliyotolewa yaweza kurudishwa.

Tena hata kwa kazi yake yenyewe, programu ya sala yapimwa. Wanafunzi wameniuliza mara nyingi kwa nini simu mbili ndani ya chumba kimoja zatofautiana. Sababu ni kwamba alfajiri huhesabiwa kwa nyuzi za jua chini ya upeo, na mabaraza ya ulimwengu hayakuafikiana: Rabita ya Makka hutumia nyuzi 18, Misri 19.5, na lile baraza la Amerika Kaskazini 15. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta kila uzi mmoja ni kiasi cha dakika nne, kwa hiyo kati ya 15 na 19.5 kuna dakika 18 au zaidi kidogo. Mwezi wa Ramadhani hizo ni dakika ambazo mtu aweza kula daku akidhani usiku ungaliko. Na laasiri ndiyo zaidi. Sisi wafuasi wa Imam Shafi wa pwani hii, wakati wake huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake baada ya kutoa kivuli cha adhuhuri. Kwa Imam Abu Hanifa, kinapokuwa mara mbili. Hitilafu yake kwetu ni kiasi cha saa nzima. Programu iliyotengenezwa na watu wa madhehebu ya Hanafi haikukosea, imesema ya kwao. Ni wewe wa kuiambia u wa wapi.

Kibla nacho ni hivyo hivyo. Sindano ya simu huvutwa na chuma: nondo za nyumba, kitanda cha chuma, hata kifuniko cha simu chenye sumaku. Nimewaona vijana wakizunguka chumbani kama waliopotea, hali Makka imekaa karibu katika mstari mmoja na pwani yetu, na kutoka Unguja, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kibla ni kaskazini hasa, kwa tofauti isiyofika nyuzi 2. Aliyeko Kigoma ataelekea kaskazini na kuinamia mashariki kiasi cha nyuzi 20. Tena Mwenyezi Mungu ametupa mizani isiyohitaji betri: kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei kiasi cha saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai kiasi cha saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Al-Kaaba kabisa, nayo saa yetu ni moja na saa ya Makka. Wakati huo simamisha kijiti ardhini. Kivuli chake kimeipa Makka mgongo. Anayetaka kujua kama programu yake yasema kweli, na aipime siku hiyo.

Sasa nije kwa habari. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wafasiri wengi wameeleza kwamba iliteremka kwa sababu ya mjumbe aliyetumwa kwenda kupokea zaka kwa Banu Mustaliq. Aliwaona wametoka kwa wingi kumlaki, akaogopa, akarudi njiani na kusema kwamba wameikataa zaka na wametaka kumwua. Ilikuwa bado kidogo watu wapiganishwe, kwa habari ya mtu mmoja aliyeona vumbi akadhani ni vita. Mjumbe yule alikuwa na jina na uso, na aliweza kuulizwa. Ujumbe wa simu hauna hata hayo.

Nyinyi wanafunzi mnajua kazi waliyoifanya Imam Bukhari na Imam Muslim katika karne ya tatu ya Hijra. Hadithi haikupokewa kwa uzuri wa maneno yake. Iliulizwa: umeisikia kwa nani? Na yeye kwa nani? Je, walikutana? Je, huyu alikuwa mkweli, na hifadhi yake ilikuwa madhubuti mpaka uzeeni? Vimeandikwa vitabu vingi vya maisha ya wapokezi tu, ili ijulikane nani wa kupokelewa na nani wa kuachwa. Huu ndio umma uliowafunza watu kuuliza isnadi. Kisha mjukuu wa umma huo apokea ujumbe usemao "Nimetumiwa na daktari mmoja wa hospitali kubwa", naye bila ya kuuliza daktari gani, hospitali gani, lini, aupeleka kwa makundi matano kabla ya kumaliza kuusoma!

Mtandao wa WhatsApp wenyewe ulilazimika, mwezi wa Januari 2019, kuzuia ujumbe usipelekwe mbele zaidi ya mara tano kwa pamoja, na mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ukaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi upelekwe kwa mmoja mmoja tu. Ujumbe wa namna hiyo hutiwa alama ya mishale miwili. Alama hiyo maana yake ni kwamba isnadi imekatika: umepita kwa watu wengi na hakuna ajuaye wa kwanza ni nani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alisikialo. Hakusema kila alitungalo.

Habari za dawa ndizo zinazoua. Mwaka 2011 nchi nzima iliziona foleni za magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kufuata kikombe cha dawa cha shilingi 500. Walikwenda wakubwa na wadogo, Waislamu kwa Wakristo, na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamekwisha pona. Siku hizi safari yenyewe haihitajiki. Kikombe huja katika simu: kunywa maji ya majani fulani na uache sindano ya kisukari. Ndugu yangu, mti una baraka zake, na Mtume ametuamrisha kujitibu. Lakini yule aliyeandika ujumbe ule hatakuwapo usiku mama yako akizimia. Swali la kumwuliza kila mshauri ni hili: ukinikosesha, nitakupata wapi? Mganga wa zahanati yenu, hata akiwa na dharau na foleni yake ndefu, unajua anapokaa.

Na hii akili mnemba ambayo vijana wameanza kuiuliza masuala ya fikihi, nayo ina faida zake katika kupanga maneno na kutafsiri. Lakini imethibiti kwamba yaweza kutunga hadithi isiyokuwapo, ikaipa jina la kitabu na namba yake, kwa ufasaha wa kumtatiza hata mwalimu. Haisemi uwongo kwa kukusudia, kwani haina makusudio. Yapanga tu maneno yanayofanana na ukweli. Mwanafunzi aliyepewa namba na afungue kitabu. Isipokuwamo, amwulize mwalimu, wala asiibandike katika kundi la msikiti.

Limebaki la wezi, nalo nitalipita upesi kwa kuwa wengi mmekwisha umia. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa maelfu ya watu, ukimtafuta yule mmoja ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Na simu ya kwamba mwanao ameanguka shuleni, tuma fedha haraka aingizwe chumba cha upasuaji, hutegemea mapenzi ya mzazi. Haraka ndiyo alama yao. Kata simu, umpigie mwalimu kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Namba yako ya siri haombwi na kampuni, wala na benki, wala na wakala mwenye kanzu. Hapa Tanzania namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, na ukibonyeza *106# utaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna wazee waliokuta laini wasizozijua kabisa.

Kwa hiyo baada ya sala, vijana wa darasa la jioni watakaa barazani upande wa birika la udhu. Mzee au bibi yeyote anayetaka kutazamiwa laini zake, au kuondoa ruhusa alizozitoa bila ya kujua, na awaendee. Akina mama watapokewa na wasichana wa madrasa katika mlango wao. Mwenye simu ndiye atakayeishika mkononi mwake mwenyewe na kubonyeza mwenyewe, kijana ataelekeza tu kwa maneno, na asitajiwe namba ya siri. Mwenye deni la programu linalomtesa amwone katibu peke yake, faragha. Jina lake halitaandikwa popote.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki utujaalie kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili utujaalie kuiepuka. Walipie madeni wenye madeni, uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.

Nyosheni safu, ndugu zangu. Muadhini na akimu.